Jina Kwenye Kitambaa: Sampuli za Skuli Zinazogombaniwa Mnadani



Aliyepita chuo cha ushonaji anakijua kitabu cha sampuli. Kila ukifundishwa jambo jipya unalishona kwenye kipande kidogo cha kitambaa, unakibandika kwenye daftari kubwa na kuandika pembeni: pindo, zipu, mfuko wa ubavuni, kola, tundu la kifungo. Mwalimu anakagua, anatia alama. Ukimaliza kozi unabaki nacho, na kwa kuwa hakivaliki wala hakiuziki, kinaachwa juu ya kabati. Vyetu sisi wawili wa hapa dukani, kimoja kililiwa na mende, na kingine tulikichanachana tukafutia mafuta ya cherehani, tena huku tunacheka.

Siku hizi hatucheki.

Mambo yalianza na bi harusi mmoja, mteja wetu, aliyetaka mashuka na foronya zake zitiwe herufi za kizamani kwa mshono wa msalaba. Baada ya Isha tukakaa na simu kutafuta mfano. Tukaangukia ukurasa wa mnada. Palikuwa na kitambaa kidogo cha kitani, ukubwa wa sinia ya chai, kimefifia, kina alfabeti mara mbili, tarakimu, jina la mtoto wa kike, umri wake, jina la skuli yake na mwaka, karne ya 19. Sampuli ya mwanafunzi, kama zetu. Bei ilikuwa imeshapita pauni 300 na mnada ulikuwa bado siku mbili kufungwa. Tulidhani tumesoma vibaya.

Tangu usiku ule tunaifuatilia minada hii, na huu ni mwaka wa pili. Tuliyoyaona humo tumeona si vizuri tubaki nayo wenyewe.

Kwanza, kazi ya vitambaa hivi. Zamani huko Ulaya, kabla vitabu vya nakshi havijaenea, mwanamke aliyependa ua au mapambo fulani aliyashona kwenye kitambaa chake ili asiyasahau, kama sisi tunavyolipiga picha gauni la mtu harusini (tusijifanye hatufanyi). Cha zamani kabisa chenye tarehe kilichobaki Uingereza kilishonwa na Jane Bostocke mwaka 1598, na kimehifadhiwa kwenye makumbusho ya Victoria and Albert mjini London. Baadaye kitambaa kikaacha kuwa daftari la mwanamke mzima, kikawa zoezi la mtoto. Katika karne ya 18 na ya 19 msichana wa miaka minane au tisa, wa Uingereza au wa Marekani, alikaa skuli na sindano mkononi akijifunza herufi na mshono kwa pamoja.

Msidhani herufi zile zilikuwa urembo. Nyumba kubwa ilikuwa na mashuka, taulo na vitambaa vya meza kwa madazeni, na vyote vilifuliwa pamoja. Kila kimoja kilitiwa herufi za mwenyewe na namba yake, mara nyingi kwa uzi mwekundu, ili kisipotee na ili vyote vitumike kwa zamu. Msichana maskini aliyejua kutia herufi alikuwa na nafasi nzuri zaidi ya kupata kazi ya utumishi wa ndani. Kwa hiyo kitambaa chake kilikuwa kama cheti. Bibi wa nyumba alikishika, akaangalia mbele, akageuza nyuma, akaamua.

Hili linaonekana wazi kwenye sampuli za makao ya mayatima ya George Müller huko Bristol. Müller alianza mwaka 1836 na nyumba ya kupanga, mwaka 1849 akafungua jengo lake la kwanza kwenye kilima cha Ashley Down, na kufika 1870 palikuwa na majengo matano yenye nafasi ya watoto zaidi ya 2,000. Wasichana wa pale walifundishwa ili waende kuwa watumishi. Sampuli zao nyingi ni za uzi mwekundu mtupu kwenye kitambaa cheupe: safu kwa safu za alfabeti, kubwa, ndogo, ndogo zaidi, namba, pembe za vitambaa vya meza, vipande vya mapambo ya kingo, na mahali fulani herufi za jina la mtoto na mwaka. Kwa jicho la fundi ni kazi ya kutisha. Mishono ni midogo kiasi kwamba tulilazimika kuikuza picha mara nne ndipo tuitenganishe. Yule mtoto alishona bila miwani, pengine kwa mwanga wa dirisha tu. Leo kitambaa kama hicho kikiingia mnadani kinafikia maelfu ya pauni, fedha ambayo msichana yule asingeiona katika miaka mingi ya utumishi.

Skuli nyingine zilikuwa na mtindo wao, na hapo ndipo wakusanyaji wanapopata utamu. Ackworth, skuli ya Waquaker huko Yorkshire iliyofunguliwa mwaka 1779, wasichana wake walishona maumbo ya pembe nane, mengine yamekatwa nusu pembezoni, yamejaa vishada vya maua na ndege wawiliwawili. Ukishaiona moja utazijua zote. Na Waquaker wa Pennsylvania walipofungua skuli ya Westtown mwaka 1799, walikwenda mbali zaidi: wasichana walishona tufe la dunia. Kitambaa cha hariri kilichojazwa ndani kikawa mviringo kama chungwa, juu yake wakashona kwa uzi mistari ya longitudo na latitudo na majina ya mabara. Jiografia kwa sindano! Sisi jiografia tulifundishwa kwa kunakili ubaoni na mpaka leo hatukumbuki kitu.

Kwa muda mrefu vitambaa hivi vilikuwa vitu vya ukutani kwa bibi, havina thamani sokoni. Aliyewasaidia watu kuviona kwa jicho jingine ni mwanamke, Betty Ring wa Texas. Alikusanya, akafananisha, akafuata majina kwenye kumbukumbu za zamani, akaonesha kwamba vitambaa vinavyofanana vilitoka kwa mwalimu mmoja au skuli moja. Kitabu chake cha juzuu mbili juu ya tarizi za wasichana wa Marekani kilitoka mwaka 1993. Mkusanyiko wake ulipopigwa mnada na Sotheby's mjini New York Januari 2012, sampuli iliyoshonwa na Mary Antrim wa New Jersey mwaka 1807 iliuzwa kwa zaidi ya dola milioni 1. Ni kazi ya msichana, uzi wa hariri juu ya kitani.

Sasa, mnada wenyewe. Zamani ilibidi ufike ukumbini au upate katalogi kwa posta. Mwaka 1995 Pierre Omidyar alianzisha huko California ukurasa wa mnada ambao baadaye ukaitwa eBay, na vitu vilivyolala kwenye masanduku ya vibibi vikaanza kutoka: beji za skuli, ripoti za mwisho wa muhula, picha za darasa, vitabu vya zawadi, na sampuli. Leo hata nyumba kubwa za mnada zinauza kwa mtandao. Unaweka kima chako cha juu kwa siri, na mtambo unakupandishia kidogokidogo kila mwenzio anapoongeza. Ukishinda, nyumba nyingi za mnada zinakutoza ada ya mnunuzi, robo ya bei au zaidi, halafu posta, halafu forodha. Anayesahau hesabu hiyo atalia. Na mnada unaofungwa saa 3 usiku London wakati wa baridi, kwetu ni saa 6 usiku, wakati mume anauliza hiyo simu inawaka ya nini.

Wapo dada walioshituka tulipowaambia tunaingia mnadani. Mnada si haramu kwa jina lake. Imepokewa kwa Anas bin Malik kwamba Mtume, rehma na amani zimshukie, alinadi tandiko na bakuli la mtu muhitaji. Mmoja akatoa dirham moja, akauliza nani atazidisha, mwingine akatoa mbili, akamuuzia. Kilichokatazwa ni najash, kupandisha bei wakati huna nia ya kununua ili kumnasa mwenzio. Mtandaoni hilo lipo, muuzaji anamweka rafiki yake apandishe. Dawa yetu ni kuandika kima chetu kwenye karatasi kabla ya kuanza, na karatasi ikisema basi, tunafunga simu. Tumeshapoteza vitu vingi vizuri kwa karatasi ile, na hatujutii, isipokuwa kimoja.

Kinachopandisha bei ni nini? Uzima wa kitambaa, ndiyo, na rangi. Uliza picha ya nyuma kila mara, kwa sababu mbele imekaa juani miaka na nyuma rangi zimebaki kama zilivyotoka dukani. Lakini juu ya yote ni maandishi. Sampuli nzuri isiyo na jina inauzwa kwa bei ya kawaida. Ya pili, mbaya kidogo, yenye jina la msichana, skuli yake na mwaka, inaipita mbali. Na kuna kichekesho ambacho wauzaji wanakijua: kwenye baadhi ya sampuli tarakimu mbili za mwisho za mwaka zimefumuliwa, umebaki 18 na matundu. Si nondo. Ni mwenyewe alipokua, kitambaa chake kikiwa ukutani na wageni wanahesabu miaka yake, akachukua sindano akafumua. Tulicheka mpaka wanafunzi wakaja kuuliza kuna nini.

Mfuko wetu hauwezi sampuli za ukutani. Tuliangalia upande wa chini, na huko tukakutana na jamaa zetu wa kweli. Mwaka 1862 kanuni mpya za serikali ya Uingereza ziliweka sharti kwamba skuli ya msingi ikitaka ruzuku, wasichana wafundishwe ushonaji wa kawaida. Ireland walikuwa wameanza mapema zaidi, miaka ya 1830 walishatoa vitabu vya maelekezo vyenye sampuli halisi zilizobandikwa ndani, pamoja na vishati na vigauni vidogo vya kutosha mwanasesere. Matokeo yake ni vitabu na vitabu vya sampuli za watoto maskini: pindo, marinda, kiraka, tundu la kifungo, kutililia soksi iliyotoboka. Hakuna ua hata moja. Ni kozi yetu ileile, miaka mia na kitu kabla ya sisi kuzaliwa.

Tulinunua kimoja. Kilifika kwa binti wa shangazi yetu aliyeko Uingereza, akatuletea alipokuja kwa Idi. Picha za muuzaji zilionesha kurasa nzuri, na maelezo yalisema kina jina la mwanafunzi. Tulipokifungua, ukurasa wa kwanza haukuwepo, umekatwa kwa wembe, ukingo mweupe mpya kabisa. Tulimwandikia muuzaji akajibu hajui lolote. Baadhi ya wauzaji wanavichambua vitabu hivi na kuuza ukurasa mmojammoja, na ukurasa wenye jina ndio wenye soko. Kwa hiyo mahali fulani jina la yule mtoto limetiwa fremu, na mikono yake iko kwetu Unguja.

Tunamjua kwa mishono tu. Matundu ya vifungo yalimsumbua, moja limefumuliwa na kushonwa upya, la pili vilevile, la tatu limekaa sawa na mwalimu ametia alama ya penseli. Kiraka chake ni safi kuliko chetu chochote. Kwenye ukurasa wa marinda kuna doa dogo la kahawia. Aliyewahi kujichoma sindano anaweza kukisia. Lakini aliitwa nani?

Swali hilo ndilo lililotufikisha kwenye jambo zito zaidi. Hata msichana wa Kiingereza mwenye jina kwenye kitambaa ni vigumu kumfuata, kwa sababu alipoolewa alichukua jina la ukoo wa mumewe, na lile la kwenye sampuli likakoma. Wakusanyaji wanakesha kwenye madaftari ya ubatizo na ndoa kumtafuta. Na kuna sampuli nyingine ambazo jina lenyewe halikuwa la mtoto tangu mwanzo.

Mwaka 1807 Uingereza ilipiga marufuku biashara ya utumwa, na manowari zake zikaanza kukamata meli za watumwa baharini Afrika Magharibi. Waliookolewa walishushwa Freetown, Sierra Leone, wakapelekwa kwenye vijiji vya mlimani kama Regent na Bathurst. Wamisionari wa Church Missionary Society waliwafungulia watoto skuli, na wasichana wakafundishwa sampuli, alfabeti na aya za Biblia, jina na umri chini. Kazi za miaka ya 1820 hadi 1840 zilitumwa Uingereza kwa wafadhili ili waone fedha yao imefanya nini. Majina yaliyoshonwa ni ya Kiingereza. Mfadhili aliweza kulipia malezi ya mtoto na kumchagulia jina, mara nyingi lake mwenyewe au la mpendwa wake. Kwa hiyo mtoto wa Kiyoruba au wa kabila jingine, aliyetekwa kwao, akavushwa bahari, akaokolewa, anashona kwa mshono safi kabisa jina la bibi wa Kiingereza asiyemjua, kisha kitambaa kinakwenda kwa bibi huyo kama shukurani. Sampuli hizi zilizobaki ni chache mno. Moja ilipita mnadani tukiangalia. Ndiyo ile tuliyosema tunaijutia, ingawa bei yake isingekuwa yetu hata tungeuza duka.

Na sisi tusione ni mambo ya mbali. Soko la watumwa la Mkunazini lilifungwa mwaka 1873, na wasichana waliotolewa kwenye majahazi wengi walilelewa Mbweni, kwenye skuli ya wamisionari wa Kianglikana wa UMCA. Caroline Thackeray alifika mwaka 1877 kuisimamia, akaishi huku mpaka alipofariki mwaka 1926. Magofu ya jengo bado yapo pale kando ya bahari, wengine wenu mmepigia picha za harusi karibu nayo. Humo wasichana walisoma, walifua, walishona, na wengi walipewa majina mapya kwenye ubatizo. Kazi ya sindano ya Mbweni hatujaiona mnadani hata mara moja. Tumeweka neno Zanzibar kwenye tahadhari za simu, kila wiki inatuletea stempu na postikadi.

Halafu tukajitazama wenyewe. Skuli ya kwanza ya serikali ya wasichana hapa Zanzibar ilifunguliwa mwaka 1927. Wazazi wengi walisita kuwatoa binti zao, na Qur'ani na kazi za mikono vilikuwa miongoni mwa vilivyowatuliza. Bibi yetu alipita skuli ya wasichana baadaye kidogo. Alirudi na kitambaa cha meza alichokitarizi darasani, maua ya waridi pembe nne. Kilifunika redio mpaka redio ikafa, kisha kikawa cha kushikia sufuria. Hatukumbuki kilitupwa lini. Hakikuwa na jina. Kofia zetu za viua, ambazo wanawake wa visiwani wanakaa nazo miezi, nazo hazina jina la mshonaji. Tunasifu kofia ya fulani, na fulani ni aliyeivaa.

Tulimuuliza mama mmoja wa mtaani, mwenye umri wa bibi zetu, kama ana chochote cha skuli. Akacheka, akaingia ndani, akatoka na foronya iliyolainika kama karatasi ya zamani, kingo zake zimeshonwa kwa mkono. Alisema aliishona skuli, akailalia usiku wa harusi yake. Tukamuomba tuipige picha tu. Akatuuliza inauzwa bei gani huko kwenye simu. Tukamwambia ukweli: bila jina, si nyingi. Akasema, "Jina lake mimi hapa," akaikunja akarudi nayo ndani. Tumemuahidi tutarudi na kalamu tuandike aliyoyakumbuka, skuli gani, mwalimu nani, mwaka gani. Hatujarudi bado, msimu wa harusi umetubana.

Tulilofanya mpaka sasa ni dogo. Wasichana wanaojifunza hapa dukani tumewarudishia kitabu cha sampuli, na ukurasa wa kwanza haubandikwi kitu mpaka mwenyewe ashone jina lake na mwaka, kwa mkono, mshono wa msalaba, uzi mwekundu. Mmoja wao anaolewa Mfungo Mosi inshaAllah, akauliza ashone jina gani, la sasa au la huko aendako. Tukamkumbusha kwamba kwetu mwanamke haachi jina la baba yake akiolewa, atabaki binti wa baba yake mpaka kaburini. Akashona jina lake na la baba yake, herufi zimenyooka vizuri kabisa. Mwaka akauruka. Tulipomuuliza alisema kitabu atakwenda nacho kwa mume, na hataki mawifi waanze kupiga hesabu.